Paneli Nne za Micheweni: Kulifuata Jua kwa Saa, Si kwa Jicho

Bustani ni ya eka moja, Micheweni, kaskazini mashariki ya Pemba, kwenye maweni ambako jembe likishuka viganja viwili linagonga jiwe la matumbawe. Pamepandwa tungule, bamia, biringani na mchicha. Kisima kimechimbwa kwa mkono, kina mita 14, na maji yake ni matamu maadamu hayavutwi kwa pupa. Juu ya ukingo pana tangi la lita 5,000 kwenye jukwaa la mita 4. Kisa hiki tumekipanga kwa vipimo vya mfano ili kila hesabu ifuatike, lakini kila hitilafu iliyomo ni ya kawaida kwa mitambo ya aina hii, na fundi yeyote wa sola visiwani atazitambua.

Umeme unatoka kwenye paneli nne za wati 150, zimeungwa mfululizo kupata volti 72 zinazotakiwa na pampu. Jumla wati 600. Zamani zililala bapa juu ya fremu ya mbao, na malalamiko ya wakulima yalikuwa mafupi: maji yanaanza kutoka vizuri karibu saa 4 asubuhi, na kabla ya Alasiri kuingia vizuri yamekwisha kulegea. Likatolewa wazo la kuzifanya paneli zilifuate jua. Mtambo wa kwanza ulijengwa, ukashindwa. Wa pili ulifanya kazi, baada ya kosa moja la kijinga lililokula wiki nzima. Tutaupitia kila mmoja, lakini kwanza lazima tujue tatizo lenyewe lilikuwa nini, kwa sababu halikuwa lile lililodhaniwa.

Hesabu ya maji kabla ya hesabu ya jua

Eka moja ya mboga katika kiangazi, ukimwagilia milimita 5 kwa siku, inataka kama mita za ujazo 20, yaani lita 20,000. Kutoka usawa wa maji kisimani hadi mdomo wa tangi, pamoja na msuguano wa bomba, pampu inasukuma mwinuko wa mita 20. Kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 45, kila mita ya ujazo kwa saa inakula kama wati 120.

Hapo ndipo kisima kinaposema neno lake. Kwenye kisiwa, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe. Kanuni inayotumika ni kwamba kwa kila sentimita moja unayoshusha usawa wa maji matamu kisimani, mpaka wa maji ya chumvi chini yake unaweza kupanda kiasi cha sentimita 40. Ukivuta kwa nguvu saa sita mchana, jioni mchicha unaungua ncha. Kwa hiyo kidhibiti cha pampu kimefungwa kisizidi mita 3 za ujazo kwa saa. Hizo ni wati 360.

Sasa swali limebadilika. Mtu akiuliza mtambo wa kufuata jua utaongeza umeme asilimia ngapi, anauliza swali la muuza umeme. Mkulima huyu anatakiwa aulize: kwa saa ngapi katika siku paneli zangu ziko juu ya wati 360? Mita 3 kwa saa zinafika 20 baada ya saa 6 na dakika 40. Umeme wa ziada wa adhuhuri haumsaidii kitu, kisima hakiutaki. Anachokosa ni asubuhi na jioni.

Chukua siku ya anga safi karibu na mwanzo wa Machi au mwanzo wa Oktoba, siku ambazo jua linapita utosini kabisa Micheweni, kwa kuwa pako karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Adhuhuri ya jua pale haiko saa 6 kamili. Saa zetu zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki na Micheweni iko karibu nyuzi 39.8, hivyo jua linafika juu kwa wastani saa 6 na dakika 21. Saa nne kabla ya hapo, yaani saa 2 na dakika 21 asubuhi, jua limeinama nyuzi 60 kutoka utosini. Paneli iliyolala bapa inapokea nusu tu ya nguvu ya mwale wa moja kwa moja. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 45 mashariki inapokea asilimia 97 ya mwale uleule. Ukijumlisha na mwanga unaotawanyika angani, na ukiondoa kama asilimia 15 kwa joto na vumbi, paneli zetu nne zikilala bapa zinatoa takriban wati 200 saa hiyo. Zikiinama zinatoa takriban 340. Saa moja baadaye ni 325 dhidi ya 430. Adhuhuri zote ni sawa.

Ukiunganisha nukta hizo, paneli bapa zinavuka wati 360 karibu saa 3 na dakika 35 asubuhi na kushuka chini yake karibu saa 9 alasiri. Saa tano na nusu, mita 16 na nusu za maji. Zinazofuata jua zinavuka karibu saa 2 na nusu na zinashuka karibu saa 10 na robo. Karibu saa nane, zaidi ya mita 23. Hiyo ndiyo tofauti kati ya shamba lililonyweshwa na shamba lenye pembe moja kavu.

Mtambo wa kwanza: jicho la kutafuta mwanga

Mchoro wa kwanza ni ule unaopatikana kila mahali. Sensa mbili za mwanga, kibao kimesimama katikati yake. Jua likiwa upande mmoja, kivuli cha kibao kinaangukia sensa ya pili, kidhibiti kinaona tofauti, na mota inazungusha mpaka zilingane. Mota ilikuwa ya mkono, yaani ile inayosukuma na kuvuta fimbo kama ya madishi makubwa ya satelaiti, yenye mwendo wa milimita 300 na nguvu ya kusukuma ya kilo 150.

Siku ya anga safi jicho hili linapendeza mno, na hapo ndipo linapowadanganya watu. Lakini anga ya Pemba wakati wa vuli na masika haiko hivyo. Wingu likipita mbele ya jua, mwanga mkubwa kuliko wote unaweza kuwa ukingo mweupe wa wingu jingine pembeni. Jicho linaufuata. Wingu linasogea, jicho linarudi. Mota inapiga mbele na nyuma asubuhi nzima, mguso wa relei, swichi inayoiwasha mota, unaungua mweusi, na betri inakwisha kabla ya jioni. Siku ya mawingu mazito tofauti kati ya sensa mbili ni ndogo kuliko makosa ya sensa zenyewe, na paneli zinasimama popote zilipofika.

Ongeza kinyesi cha kunguru. Tone moja juu ya sensa ya mashariki na mtambo unaamini kwamba jua liko magharibi zaidi ya lilipo. Hauoni kosa lolote, unafuata jua kwa utii huku umepindia pembeni siku nzima. Utando wa chumvi unafanya vilevile polepole zaidi, na huo hauonekani kwa macho.

Ubaya mkubwa kuliko yote ulikuja betri ilipokata jioni. Paneli zilibaki zimeelekea machweo. Asubuhi yake saa 2 na dakika 21, jua lilikuwa nyuma ya migongo yake, nyuzi 105 kutoka zinakotazama. Mwale wa moja kwa moja ulikuwa sifuri. Kila anayejenga mtambo wa namna hii aliweke hili moyoni: paneli inayofuata jua ikikwama imeinama, ni mbaya kuliko ile isiyosogea kabisa. Mtambo wa kwanza haukuwa na njia ya kurudi bapa bila umeme. Mkulima aliye na ufunguo wa bolti mkononi na tungule zinazonyauka mbele yake hakuwa na la kufanya.

Kisha kusi ikavuma, na fimbo ya mota ikapinda. Hili halikuwa ajali. Paneli nne zina eneo la mita 4 za mraba. Upepo wa kilomita 54 kwa saa unazisukuma kwa nguvu ya kama kilo 73, na nguvu hiyo haisukumi katikati. Inalemea upande wa ukingo unaoukabili upepo, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye mhimili. Wenzo uliochomelewa kwenye bomba la mhimili ulikuwa wa sentimita 21, na paneli zikiinama nyuzi 45 urefu wake unaofanya kazi unapungua hadi sentimita 15. Piga hesabu: 73 mara 30, gawa kwa 15. Karibu kilo 146 kwenye fimbo ya mota ya kilo 150. Na huo ni upepo wa kawaida wa uwanda wazi ukichafuka, si dhoruba. Kwa upepo wa kilomita 90 kwa saa nguvu hiyo inapita kilo 400. Fundi alichagua wenzo mfupi kwa sababu ulikuwa rahisi na ulitosha kuinua uzito wa paneli. Uzito wa paneli ni jambo dogo sana hapa. Kinachopimwa ni upepo.

Mtambo wa pili: chuma

Mhimili mmoja tu, umelala usawa wa ardhi, kutoka kaskazini kwenda kusini, paneli zikiinama mashariki na magharibi. Mhimili wa pili haufai hapa. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 28 kutoka utosini, na ya Disemba liko kusini nyuzi 18. Faida ya kulifuata huko nako ni asilimia chache kwa mwaka mzima, na gharama yake ni mota ya pili pamoja na fremu nzima kusimama juu ya nguzo moja katika upepo.

Nguzo ni mbili, bomba la chuma la inchi 3 lililotiwa zinki, na mhimili ni bomba la inchi mbili na nusu, urefu mita 3, juu ya ardhi mita moja na nusu. Mashimo yalichongwa kwenye jiwe kina sentimita 70 na kujazwa zege la kipimo cha 1:2:4. Mchanga usiwe wa pwani. Chumvi yake inakula chuma kutoka ndani ya zege, na utaijua siku nguzo inapokatika mguuni.

Mahali mhimili unapozungukia, usitie beringi za gololi. Mwendo wenyewe ni nyuzi 90 kwenda na kurudi mara moja kwa siku, grisi haisambai, chumvi inaingia, na katika mwaka beringi imekuwa jiwe. Kata vipande vya sentimita 8 vya bomba zito jeusi la plastiki la maji, vipasue ubavuni, vivike mhimili, kisha vibane ndani ya pete ya chuma. Havishiki kutu na vikila unabadilisha kwa nusu saa. Bolti zinazoshika paneli ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati ya bolti na fremu ya alumini pawekwe washa ya plastiki, maana metali mbili zikigusana kwenye hewa ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Paka nyuzi za bolti hizo grisi kabla ya kukaza. Zikikazwa kavu zinang'ata na hazifunguki tena ila kwa msumeno.

Mota mpya ina nguvu ileile ya kilo 150 lakini mwendo wake ni milimita 450, na wenzo umerefushwa hadi sentimita 32. Paneli zikiinama kabisa, wenzo unabaki na sentimita 22 na nusu za kazi. Upepo uleule wa kilomita 54 sasa unaweka kilo 97 kwenye fimbo badala ya 146. Mota haikubadilika nguvu. Kilichobadilika ni mahali inaposhika.

Tena, nguvu isiachiwe kazi peke yake. Kipimo cha upepo cha vikombe vitatu kimewekwa juu ya jukwaa la tangi, na upepo ukifika kilomita 40 kwa saa paneli zinakwenda bapa na kukaa hivyo dakika 15 baada ya kutulia. Wapo watakaosema visiwani hakuna vimbunga. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Mtambo unaodumu miaka ishirini ujengwe ukijua hayo.

Kuelekeza mhimili kaskazini, dira ya simu iache mfukoni, hasa karibu na mabomba ya chuma. Pemba ina bahati ambayo sehemu chache duniani zinayo: iko karibu kwenye mstari uleule wa longitudo na Makka, nyuzi 39.8 mashariki. Kibla cha Micheweni ni kaskazini halisi. Kila mwaka karibu na tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na karibu na 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua linakuwa juu ya Al-Kaaba, na wakati huohuo ndiyo adhuhuri ya jua ya Micheweni. Simamisha fimbo ya mita moja kwa timazi. Kivuli chake, cha nusu mita, kinalala kusini barabara, na mhimili wako unakaa juu yake. Siku nyingine, chora duara kuizunguka fimbo, tia alama ncha ya kivuli inapogusa duara asubuhi na tena mchana, kisha gawa nafasi hiyo kati kwa kati; mstari kutoka kwenye fimbo hadi hapo ndio wa kaskazini na kusini. Usifanye hivyo kwa kivuli cha adhuhuri mwanzoni mwa Machi au Oktoba, kwa sababu hakitakuwapo.

Na kabla ya nguzo kusimama, mtu akae hapo tangu jua kuchomoza aangalie minazi. Mnazi mmoja upande wa mashariki unaotia kivuli kwenye paneli moja hadi saa 3 unazuia zote nne, kwa vile zimeungwa mfululizo. Faida yote tuliyoihesabu iko asubuhi na jioni, ndizo saa za vivuli virefu. Kama mnazi haukatwi na mtambo hauhamishiki, basi usijengwe.

Mtambo wa pili: saa

Karibu na ikweta, mhimili ukiwa umelala kaskazini na kusini, jua linaonekana kuuzunguka kwa nyuzi 15 kila saa, karibu sawasawa. Hesabu kamili ya nyota inatoa tofauti isiyofika nyuzi 2 hata Juni na Disemba, katika eneo la mwendo wetu. Kwa hiyo kidhibiti hakihitaji jicho. Kinahitaji saa na mstari mmoja wa hesabu: mwinamo ni 15 mara idadi ya saa kutoka saa 6 na dakika 21 mchana. Kuanzia alfajiri paneli zinangoja nyuzi 45 mashariki. Saa 3 na dakika 21 zinaanza kutembea, nyuzi 5 kila dakika 20. Saa 9 na dakika 21 zinafika nyuzi 45 magharibi na kubaki huko hadi jua lizame. Usiku zinainama nyuzi 10 tu, umande na mvua viteremke na chumvi.

Wengine wanaona nyuzi 5 kwa hatua ni kazi ya ovyo. Ukikosea jua kwa nyuzi 5 unapoteza asilimia 0.4 ya mwale. Kwa nyuzi 10 ni asilimia 1.5. Adhuhuri ya jua nayo inasogea katika mwaka, kutoka kama saa 6 na dakika 5 mwanzoni mwa Novemba hadi saa 6 na dakika 35 katikati ya Februari, na ukiipuuza kabisa kosa lake ni nyuzi 4. Hakuna tungule itakayolijua. Afadhali fedha ya usahihi huo iende kwenye zinki ya chuma.

Pembe inasomwa na kihisi cha mwinamo kilichofungwa kwenye fremu, si kwa kuhesabu sekunde za mota, kwa kuwa mota yenye betri dhaifu inatembea polepole na kosa linajilimbikiza. Kihisi kinasomwa kwa sekunde 2 na kuchukuliwa wastani, la sivyo mtikiso wa upepo unahesabika kama mwendo. Mwisho wa kila upande, nyuzi 47, pana swichi ya kikomo inayokata mota moja kwa moja bila kupitia kidhibiti. Na mota ikizunguka sekunde 10 bila pembe kubadilika hata nyuzi moja, inakatwa na taa nyekundu inawaka. Kitu kimekwama, na kukilazimisha ni kuunguza mota.

Betri ni mbili za volti 12 na ampea-saa 7, mfululizo. Mota inafanya kazi kama dakika 3 tu kwa siku, haifiki wati-saa 4. Kidhibiti, kwa kukaa macho usiku na mchana kikila wati moja, kinamaliza 24. Wanaotafuta kubana matumizi watafute huko. Betri inachajiwa na kijipaneli cha wati 20 kilicholala bapa kwenye nguzo ya tangi, hakikupachikwa juu ya mtambo. Sababu ni ile ya mtambo wa kwanza: kilicho juu ya mtambo kinakwama nao.

Sasa lile kosa la wiki. Mtambo ulipowashwa, paneli zililala asubuhi yote, kisha baada ya Adhuhuri zikainuka kuelekea mashariki, jua likiwa limekwisha kuvuka. Bibi mmoja anayechuma bamia ndiye aliyeeleza vizuri kuliko mafundi: "Hizi zinalingojea la kesho." Waya zilikaguliwa, mota ikageuzwa, kihisi kikabadilishwa. Shida ilikuwa saa. Aliyeitega mchana alitazama, akaona ni saa sita, akaandika 6. Kidhibiti kinahesabu kutoka usiku wa manane, kwake 6 ni alfajiri. Saa sita za kosa ni nyuzi 90. Tangu hapo juu ya kisanduku pameandikwa kwa rangi: "Mchana wa saa sita andika 12."

Kuna hitilafu nyingine ya saa inayokuja baada ya miezi. Kibao cha saa kinachouzwa kwa wingi kina kitundu cha betri ya kifungo, na baadhi yake vina njia ya kuichaji. Ukitia betri ya kawaida isiyochajika, inavimba. Ama uitie ile inayochajika, ama uing'oe rezista ndogo ya njia hiyo. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo, na mtambo unaanza kuishi siku nyingine isiyo ya kwetu.

Kuupima

Kwanza bila paneli. Mifuko minne ya mchanga ya kilo 12 ifungwe mahali pa paneli na mtambo uendeshwe siku tatu. Kama kitu kitavunjika, kivunjike hapo.

Kisha msumari. Piga msumari usimame wima kabisa juu ya ubao ulio sambamba na paneli, utoke nje sentimita 10. Mtambo ukiwa umelenga sawa, kivuli cha msumari kinalala juu ya mstari wa mhimili tu, kaskazini au kusini kulingana na mwezi. Kikitoka pembeni sentimita moja, kosa ni karibu nyuzi 6. Kikipindia upande mmoja asubuhi na jioni kwa kiasi kilekile, saa inakwenda mbele au nyuma, au kihisi cha mwinamo hakikuwekwa sifuri sawasawa, au mhimili haukuelekea kaskazini. Kosa likigeuka, asubuhi upande huu na jioni ule, mhimili wenyewe haukulala usawa. Kipimo hiki kinagharimu msumari mmoja na tunakiamini kuliko skrini yoyote.

Kwa umeme, tafuta paneli ya tano ya aina ileile, ilale bapa, iwe shahidi. Siku ya kwanza laza zote bapa adhuhuri na ulinganishe, kwa sababu paneli mbili za jina moja hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo uiandike uigawe baadaye. Kinachopimwa ni ampea za mzunguko mfupi, yaani ncha mbili za paneli zikiunganishwa moja kwa moja kwa waya; hizo zinapanda na kushuka pamoja na mwanga. Usitumie tundu la ampea 10 la mita ya kawaida. Paneli hii inatoa karibu ampea 8.8, lakini jua linapochomoza kwenye ukingo wa wingu mwanga unaruka robo zaidi na fyuzi ya mita inakatika. Tumia mita ya kubana waya inayopima mkondo wa moja kwa moja. Na usichomoe waya huo ukiwa na mkondo. Funika paneli kwanza kwa jamvi, la sivyo cheche itaunguza kiunganishi.

Andika kila dakika 15. Siku safi, saa 2 na dakika 21 asubuhi, paneli ya mtambo iwe kama mara 1.7 ya shahidi. Saa moja baadaye mara 1.3. Adhuhuri ziwe sawa. Uwiano ukiwa mdogo asubuhi na jioni huku msumari unasema mtambo umelenga, basi ni anga: ukungu na mawingu vimetawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika haufuatwi. Paneli iliyoinama nyuzi 45 hata inakosa sehemu ndogo ya anga inayoonwa na iliyolala. Unaweza kuuamuru mtambo ulale siku za mawingu, lakini kila amri mpya ni mlango mpya wa hitilafu, nasi tungeiacha kwa mwaka wa kwanza.

Mwisho pima maji, kwa ndoo na saa, na onja. Au bora, pima chumvi kwa kipimo cha mkononi kila jioni kwa mwezi. Ikianza kupanda, punguza kikomo cha mita 3, hata kama jua lipo.

Na kama mkulima angeuliza kabla ya kujenga

Paneli saba zilizolala bapa zinatoa takriban wati 350 saa 2 na dakika 21 asubuhi, karibu sawa na nne zinazofuata jua. Kwa pampu ya volti 72 saba hazigawiki, basi ni nane, mikufu miwili ya nne. Yaani mtambo huu wote wa mabomba, mota, kisanduku na kipimo cha upepo unashindana na paneli nne za ziada zisizo na kitu cha kushika kutu ila bolti. Mwenye nafasi na anayeanza upya, tungemwambia anunue paneli nane. Mtambo unastahili pale paneli ni nne na haziongezeki, fundi wa kuchomelea yupo kijijini, na kuna mtu mmoja, mwenye jina, aliyekubali kuukagua kila Ijumaa: bolti, waya unaoning'inia chini ya mhimili kwa kitanzi cha sentimita 40, plastiki za mizunguko, na kuosha paneli kwa maji matamu.

Mtu huyo pia ndiye mwenye pini. Wenzo umeshikwa kwenye fimbo ya mota kwa pini moja inayotoka kwa mkono bila ufunguo, na kwenye nguzo ya kaskazini pana tundu lake la pili, linalofunga paneli bapa. Taa nyekundu ikiwaka, au kusi ikianza kuinua mchanga, anaitoa huku, anazilaza paneli kwa mikono miwili, anaichomeka kule. Pampu inaendelea na saa zake tano na nusu za zamani mpaka fundi afike. Pini imepakwa rangi nyekundu na imefungwa kwa mnyororo ili isianguke kisimani.